Mgongo wa Mama Ukutani

Siku Mzee Tonui alipopiga simu kusema kwamba anakuja Lodwar, binti yake Chepkirui alikuwa tayari na mambo mawili ya kumnyima raha, na yote mawili yalitoka kwa mama mkwe wake. La kwanza lilikuwa jicho la mama mkwe, lililofanyiwa upasuaji asubuhi ile ile na madaktari wa macho waliokuja mjini kwa wiki mbili. La pili lilikuwa ukuta wa sebule.

Mama mkwe aliitwa Nakaale. Alikuwa ameletwa kutoka Kaikor miezi miwili nyuma kuwasubiri madaktari hao, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni tena ila mwanga na kivuli. Sofa aliijaribu siku moja tu, akasema inameza watu. Akatandika ngozi yake ya mbuzi sakafuni kando ya dirisha, akaegemea ukuta, na pale ndipo palipokuwa mahali pake. Kila asubuhi baada ya kuoga alijipaka mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na udongo mwekundu, shingoni, mabegani na mgongoni, kama alivyojipaka tangu alipokuwa msichana. Kisha alikwenda kuketi.

Ukuta huo ulikuwa umepakwa rangi ya chai yenye maziwa mengi, rangi ambayo Chepkirui aliichagua mwenyewe na kuisifu mbele ya kila mgeni. Kufikia mwisho wa mwezi wa kwanza ulikuwa na doa. Kufikia mwisho wa wa pili ulikuwa na mtu. Kichwa kilikuwapo, mabega yalikuwapo, mgongo ulishuka mpaka kiunoni, na pale shingoni mtu aliweza kuhesabu mistari ya shanga.

Chepkirui, ambaye alifundisha shule ya msingi na alizoea kuwaambia watu makosa yao, hakuweza kumwambia huyu. Angeanzaje kumwambia mama wa mume wake, tena asiyeona, kwamba mgongo wake ni uchafu? Alimwomba mumewe, Esekon, aseme. Esekon alikuwa karani katika ofisi moja ya kaunti na alijua kuahirisha mambo kwa lugha ya heshima. Alisema atazungumza na mama baada ya upasuaji. Upasuaji ulipokwisha akasema itakuwa vizuri wangoje bandeji itoke.

Sasa baba yake Chepkirui alikuwa anakuja Jumamosi, na baba yake hakuwa mgeni wa kawaida. Kwa miaka thelathini Mzee Tonui alikuwa mkaguzi wa afya kule Bomet. Alifunga mabucha, alifunga mikahawa, na mara moja alifunga hoteli ya shemeji yake mwenyewe kwa sababu ya mafuta yaliyorukia ukuta nyuma ya jiko. Nyumbani kwake watoto walifuta kuta kila Jumamosi kabla ya kugusa vitabu. Chepkirui alipotaka kuolewa Turkana, mzee alisema hana neno na kabila la mtu yeyote, neno lake ni vumbi. Harusi ilipita, miaka miwili ikapita, na hakuwahi kuja kuwatembelea.

"Nakuja kuona mnavyoishi," alisema kwenye simu. Chepkirui alijibu kwamba watafurahi sana, kisha akakaa kwenye sofa akiutazama ukuta, na ukuta ukimtazama.

*

Alhamisi asubuhi Esekon alimpeleka mama hospitalini kufunguliwa jicho. Chepkirui aliomba mwalimu mwenzake amshikie darasa, akajaza ndoo maji, akatia sabuni ya unga na kuanza kusugua.

Alianza juu, kwenye kichwa, kwa nguvu zote. Maji mekundu yakashuka kwenye sehemu safi ya ukuta kwa michirizi mirefu, na kila mchirizi alioufuta ulizaa miwili. Baada ya nusu saa yule mtu wa ukutani alikuwa bado yupo, ila sasa alionekana kama anayelia.

Jirani yake Maryanne aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Maryanne aliuza nguo za mitumba sokoni na aliamini kwamba nguo na ukuta ni kitu kimoja, tofauti ni kwamba ukuta hauanikwi. Alisema mafuta yanataka dawa ya meno. Walipaka tyubu nzima. Ilipokauka waliikwangua, na baadhi ya rangi ikatoka nayo. Maryanne akasema basi kilichobaki ni dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, akakimbia kwake kuileta, akaimimina kwenye kitambaa na kuzungusha kichwa cha yule mtu mara tatu, taratibu, kwa ustadi.

Walirudi nyuma kuangalia. Mafuta hayakuondoka. Kilichoondoka ni rangi ya ukuta iliyokizunguka kichwa, ambayo iliacha duara jeupe linalong'aa.

"Anafanana na wale watakatifu wa pale kanisani," Maryanne alisema kwa sauti ya chini.

Chepkirui alimwomba aende nyumbani.

Hakuwa na muda wa kufanya kingine. Alichukua kalenda iliyokuwa jikoni akaitundika juu ya kichwa, lakini duara lilitokeza pande zote, na mabega yakabaki chini yake, hivyo ikawa kama mtu mwenye kalenda badala ya uso. Alikuwa akiisogeza sofa aliposikia pikipiki ikisimama nje.

Nakaale aliingia mwenyewe, bila kushikwa mkono. Alikuwa amevaa miwani nyeusi ya hospitali na alitembea kwa uangalifu wa mtu aliyebeba maji. Mlangoni alisimama. Alimtazama Chepkirui kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia kwamba kumbe ni mrefu hivi, sauti yake ni ya mtu mfupi. Chepkirui alicheka, machozi yakamlengalenga. Mama alitazama paa, akatazama feni, akaitazama televisheni ambayo kwa miezi miwili alidhani ni redio. Halafu akautazama ukuta.

"Hii ukuta," alisema, "imechafuliwa na nani?"

Esekon alikohoa. Alisema ni mvua, iliingia kwenye paa.

Nakaale alimgeukia mwanawe. "Mvua ya Lodwar? Mimi nilikuwa kipofu ya macho, masikio yangu ilikuwa mzuri. Miezi mbili sijasikia tone."

Hapo mtu angeweza kusema ukweli mambo yakaisha. Esekon alimwangalia mkewe, mkewe akaangalia ndoo, na Chepkirui akajisikia akisema kwamba watu wengi huja humu, huegemea, hawajulikani. Nakaale alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema mwanawe ni mtu mwenye kazi ya ofisi, amemjengea mama yake heshima mjini, na mtu asiye na adabu amekuja kujipangusa mgongo kwenye nyumba yake. Aliapa kwamba jicho alilopewa na Mungu jana litaanza kazi kwa kumtafuta mtu huyo.

*

Ijumaa Esekon aliomba ruhusa kazini akaenda Kakuma. Rangi ya ukuta ule haikuwa ya kopo. Aliinunua wakati alipokuwa akifanya kazi huko, kwa Nyanut, mwanamke wa Sudan Kusini aliyechanganya rangi kwa mkono kwenye duka lake la mabati. Maduka ya Lodwar yalimwonyesha rangi saba za maziwa, na zote zilikuwa maziwa ya mnyama mwingine. Alikuwa amebandua kipande kidogo nyuma ya mlango, akakifunga kwenye karatasi na kukitia mfukoni.

Dukani kulikuwa na wateja watatu. Nyanut alikipokea kipande, akakigeuza juani, akakitambua kama mtu anavyomtambua mtoto wa jirani. Lakini hakufungua kopo. Aliuliza rangi inakwenda kufanya kazi gani. Esekon alisema ni kurekebisha tu. Nyanut akauliza kurekebisha nini. Esekon akasema ni alama.

"Alama ya moshi, ya maji ama ya mafuta?"

"Ya mafuta."

"Mafuta ya kupika, ya gari, ama ya mtu?"

Mteja aliyekuwa akichagua misumari aliacha kuchagua. Esekon alisogea karibu na kaunta akasema kwa sauti ya ofisini kwamba ni ya mtu.

"Mtu gani?"

"Mama yangu."

"Ameweka mkono?"

"Mgongo," Esekon alisema. "Na kichwa. Miezi miwili."

Nyanut hakucheka, ingawa yule wa misumari aligeukia mlango na mabega yake yakatikisika. Nyanut alisema angempa rangi bila kuuliza, Jumapili mama yake angekuwa amerudi ukutani. Mafuta hayafunikwi na rangi ya maji, yanapita katikati kama mtu asiyesikia kwamba amefukuzwa. Kwanza poda, ya mtoto, ipakwe kavu ilale saa mbili inyonye mafuta, kisha ipanguswe kwa kitambaa. Halafu maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kidogo, kwa sponji laini, kuanzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore ukuta. Usisugue. Maji safi, kitambaa kikavu, uache ukauke. Ndipo andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini ya kuziba, na ndipo rangi, ukuta wote kutoka kona mpaka kona, kwa sababu kiraka huonekana zaidi ya doa.

Esekon alikiri kwamba tayari walisugua, kutoka juu, na dawa ya meno, na dawa ya nguo.

Nyanut alimtazama kwa huruma. "Ndugu, basi chukua andakoti mbili. Kalas, yaishe."

Alipokuwa akimchanganyia rangi, aliuliza kama mama anajua kwamba wanahangaika hivi kwa ajili ya mgongo wake. Esekon alisema hajui. Nyanut aliendelea kukoroga, akasema yeye mama yake alimwacha ng'ambo ya mpaka mwaka ambao watu walikimbia, na hana ukuta wowote wenye alama yake. Alisema hivyo bila kuinua macho, kama mtu anayetaja bei, kisha akafunga kifuniko na kukigonga kwa ngumi.

*

Huko Lodwar, Nakaale alikuwa ameanza upelelezi. Asubuhi alimshuku mwenye nyumba, lakini alipokumbuka sauti yake aliamua kwamba ni mtu mnene, na alama ile ni ya mtu mwembamba. Akamshuku kijana wa kuleta maji, lakini huyo hakuwahi kuketi. Ilipofika saa nne Maryanne alikuja kuomba chumvi, akaegemea mlango kama ilivyo tabia yake, na Nakaale akaona amempata.

Alimwambia aje asimame hapa. Maryanne alidhani mama anataka kumwona vizuri kwa jicho jipya, akasimama, hata akatabasamu. Nakaale alimgeuza, akapima mabega yake kwa shubiri, akaanza kumsema. Alimsema kwa Kiswahili na kilipomwishia akamsema kwa Kiturkana. Alimwambia mwanamke mzima haji kuomba chumvi akaacha mafuta. Maryanne alivumilia kwa muda mrefu kuliko ambavyo mtu yeyote pale mtaani angetegemea. Mwishowe aliinua kidole, akaonyesha mistari ya shanga shingoni mwa yule mtu wa ukutani, kisha akaonyesha shanga shingoni mwa Nakaale.

"Mama," alisema, "huyo ni wewe."

Chepkirui aliporudi kutoka shuleni mchana alimkuta mama mkwe wake nje ya lango, ameketi kwenye mzigo wake, miwani nyeusi usoni, akingoja gari la Kaikor. Gari hilo halikuwa likiondoka hadi kesho asubuhi. Alimwambia hivyo. Nakaale alisema atalingoja.

Chepkirui aliketi chini kando yake, na sketi yake ya shule, kwenye vumbi ambalo baba yake aliliogopa.

"Ulijua?" Nakaale aliuliza.

"Nilijua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya pili."

Nakaale alifikiri. "Na kila siku uliniletea chai, ukaniweka pale pale."

"Ndiyo."

"Mmeniacha natafuta mwizi. Mwizi ni mimi." Alirekebisha miwani. "Nimepima mabega ya yule mama kama mbuzi ya kuuza."

Chepkirui alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda, kikatoka puani. Alijiandaa kutukanwa. Lakini Nakaale naye aliangalia upande mwingine, na mdomo wake ulikuwa unapigana na kitu. Baadaye akasema kwa upole kwamba ukuta haukumuudhi, ukuta ni ukuta. Kilichomuudhi ni kwamba walimwona hawezi kuambiwa neno. Mtu akishaacha kuona, alisema, watu huanza kuongea juu ya kichwa chake, hata watu wazuri. Yeye alidhani hapa siyo hivyo.

Chepkirui alisema kwamba wamekosa. Halafu akamweleza juu ya baba yake, yote, mpaka hoteli ya shemeji. Alimwambia kwamba hakumwogopa yeye, aliogopa baba yake aone alama, amtazame mama wa Esekon kwa jicho lile alilotazamia mabucha. Hilo asingeweza kulivumilia.

Nakaale alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alisimama, akampa Chepkirui mzigo aubebe, akauliza sabuni iko wapi. Aliyechafua ndiye atakayeosha.

*

Hakuosha, kwa sababu daktari alikuwa amemkataza kuinama na kujimwagia maji usoni. Esekon alipofika saa kumi jioni na makopo yake walimweka kwenye kiti katikati ya sebule, na kutoka hapo aliongoza kazi.

Ikawa hakuna msimamizi mkali kuliko mtu aliyepata jicho jana. Walipaka poda, wakangoja zile saa mbili huku wakila, wakapangusa. Esekon alishika sponji kutoka chini kwenda juu kama alivyofundishwa, na mama yake aliona kila nukta aliyoiruka. Hapo. Kushoto. Hapo umelala. Maryanne aliletwa kuombwa radhi. Alikubali radhi mara moja, kwa kuwa alitaka kuona kazi, akapewa kitambaa kikavu. Aliruhusiwa kila kitu isipokuwa kutoa ushauri.

Mafuta yalipungua kweli. Mgongo ulififia, kisha mabega, na kilichobaki ni kivuli cha rangi ya kutu na lile duara jeupe la kichwa. Esekon alipaka andakoti ya kwanza usiku, kwa mwanga wa taa, akaiacha ikauke. Alfajiri aliamka akapaka ya pili, na kulipopambazuka vizuri akaanza kupaka rangi ya Nyanut kutoka kona ya mlango. Alipanga kumaliza kabla ya saa sita, wakati mgeni alipotarajiwa.

Mgeni alifika saa moja. Basi la Kitale lilikuwa limekimbia, na Mzee Tonui hakuwa mtu wa kupiga simu kuulizia njia. Alisimama mlangoni na koti jeusi, tai na mkoba, na nyuma yake dereva wa pikipiki akishusha debe la maziwa ya mgando. Esekon alikuwa juu ya stuli, amevaa kaptura. Sehemu moja ya ukuta ilikuwa rangi ya chai, nyingine nyeupe yenye mistari ya brashi, na katikati yake, hafifu lakini kipo, kivuli cha mtu bado kilionekana kwenye andakoti iliyokuwa mbichi.

Salamu zilikuwa fupi. Chepkirui alichukua mkoba, akajaribu kumpitisha baba yake haraka kwenda jikoni, lakini mzee alisema ngoja. Akatembea mpaka mbele ya ukuta. Alisimama pale mikono nyuma, kama alivyosimama mbele ya kuta nyingi katika maisha yake.

"Nasikia harufu ya rangi," alisema. "Vizuri. Nyumba ya watu wasafi. Rangi moja, mwanzo mpaka mwisho."

Esekon alimwangalia mkewe. Chepkirui aliuangalia ukuta, akadhani labda ni yeye anayeona vibaya. Mzee Tonui alinyosha kiganja akagusa ukuta, akakitoa kimejaa rangi, akajipangusa kwenye koti lake jeusi bila kuangalia, akaacha vidole vitano vya rangi ya chai kifuani. Kisha akageuka kumsalimia mama wa Esekon, akaipa mkono wake feni iliyosimama kando ya kiti.

Nakaale alikuwa ndiye wa kwanza kuelewa. Aliinuka haraka, akaenda akasimama mbele ya feni na kuupokea mkono huo kwa mikono yake yote miwili.

"Ejok," alimsalimu. "Karibu, mzee. Niko hapa."

*

Baada ya chai Nakaale alimwomba mzee watoke nje wakakae kivulini, kwa sababu harufu ya rangi inamwumiza jicho. Chepkirui aliwapelekea viti, akaondoka, akarudi kufagia mahali palipokuwa pamefagiwa ili asikie.

Nakaale hakuzunguka. Alimwambia mzee kwamba ukuta aliousifu una rangi tatu na alama ya mgongo wake yeye, Nakaale, na alimwambia imetoka wapi. Akamwambia pia kwamba kwenye koti lake kuna mkono. Kisha akamwuliza ni muda gani tangu aache kuona.

Mzee Tonui aliangalia mbele yake, ambako kulikuwa na mwanga na kivuli. Alisema jicho moja ni mwaka wa tatu na la pili ni mwaka wa pili. Mkewe alikuwa anajua kidogo. Watoto hawakujua. Kanisani alisoma Biblia kwa kukumbuka, na nyumbani aliwaambia wajukuu wamsomee gazeti ili wajizoeze. Alisema, kwa shida, kwamba alikuja Lodwar kwa sababu alitaka kumwona binti yake wakati bado anaona kitu, lakini leo alipofika mlangoni alimtambua kwa sauti tu.

Nakaale aliuliza kwa nini hakwenda hospitali. Mtu wa afya, miaka thelathini.

"Naogopa kisu," alisema yule aliyefunga hoteli ya shemeji yake.

Nakaale hakumcheka. Alivua miwani akamwonyesha jicho lake kwa karibu, ingawa alijua haoni. Alimwambia kisu hukisikii. Wanakutia maji baridi jichoni, wanakuambia usitikisike, unasikia mtu anazungumza juu ya chakula chake cha mchana, na imekwisha. Yeye alidhani bado hawajaanza. Madaktari wako mpaka Ijumaa. Jumatatu anarudi kukaguliwa, waende pamoja, na kama ataogopa atamshika mkono, hakuna mtu wa Bomet atakayeona.

Ufagio wa Chepkirui ulikuwa umesimama zamani. Baba yake aligeuza kichwa upande wake.

"Chepkirui," alisema, "umesikia kila kitu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi usimwambie mama yako mpaka iishe."

Chepkirui alikumbuka alivyokaa kwenye vumbi jana langoni, akasema hapana, atampigia sasa hivi. Mzee alifungua mdomo kukataa. Nakaale alimwambia anyamaze, akanyamaza.

*

Jumatatu walikwenda wote wanne. Mzee Tonui aliingia chumba cha upasuaji Jumanne akiwa amejipanga kufa kwa heshima, na alitoka akilalamika kwamba mlango wa choo cha wagonjwa haufungi. Jumatano asubuhi walimfungua jicho. Esekon alikuwa ameomba ruhusa tena, na mkubwa wake alimwuliza kama ukoo wake wote ni macho.

Nyumbani, ukuta ulikuwa umekamilika, kona mpaka kona, mkavu, rangi ya chai yenye maziwa mengi. Esekon alisimama kando yake kama mwanafunzi aliyeletwa mbele. Lakini mzee alipoingia hakuuangalia. Alivua miwani, akakodoa jicho moja, akamtazama binti yake kwa muda mrefu mpaka Chepkirui akaona haya.

"Una mvi mbili," alisema. "Hapo mbele."

"Nimezipata kwa ajili ya ziara yako, Baba."

Mzee alitikisa kichwa kana kwamba hiyo ni taarifa ya kawaida, akaomba maji. Baada ya kunywa alikwenda mbele ya ukuta, akaukagua juu, katikati, chini, akapita kidole kwenye kona ya dirisha, akakitazama kidole hicho kwa furaha ya wazi. Kilikuwa na vumbi. Alikionyesha kila mmoja. Hakuna aliyechukia.

Jioni alimpigia mkewe kumwambia atabaki mpaka madaktari wamalize jicho la pili, na kwamba mwana wa jirani aendelee kukamua ng'ombe. Nakaale alitandika ngozi yake kando ya dirisha, mahali pake. Mzee alikuwa amechoka na sofa, akaomba nafasi. Alisogezewa. Nakaale alimweleza kwamba rangi imechanganywa kwa mkono huko Kakuma, na kwamba kuosha ni kazi ya jioni nzima, kwa hiyo hapa mtu anakaa wima, haegemei.

Mzee alisema ni sheria nzuri. Walikaa wima mpaka kikombe cha kwanza kikaisha. Walikuwa wakizungumza juu ya mbuzi wa Kaikor na bei yao, na juu ya hoteli ya shemeji, ambayo mzee alikiri sasa kwamba chakula chake kilikuwa kizuri. Nakaale alicheka, akarudi nyuma kidogo. Mzee naye alirudi nyuma kidogo. Chepkirui alitokea jikoni na birika, akaiona migongo yote miwili imetulia ukutani, wa mafuta na wa koti, akasimama pale akiitazama. Kisha akawajazia vikombe.